Mbuzi Aliyesusa

Mtaa wa Kiamaiko, mashariki mwa Nairobi, umejulikana kwa miaka mingi kwa soko lake la mbuzi na vichinjio vyake. Malori huwashusha hapo mbuzi waliosafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Marsabit. Mama alimnunua mmoja, jike mdogo mweupe, si kwa kisu bali kwa kufugwa uani.

Siku tatu mfululizo mbuzi huyo hakula. Tulimletea nyasi, majani ya viazi, hata maganda ya ndizi. Alinusa tu, akageuza uso. Mdogo wangu alisema mbuzi amegoma. Nami, mwanafunzi wa Kiswahili (msomaji anisamehe), nilijiuliza iwapo neno lifaalo si kususa. Anayegoma hudai kitu. Anayesusa ameudhika moyoni.

Mama alimwita mzee mmoja wa Kiborana, mwuza mbuzi. Alimtazama meno, akambonyeza tumbo, kisha akasema, "Mama, huyu hana ugonjwa. Hajawahi kulala peke yake." Naam, mbuzi ni mnyama wa kundi, tena huyu wa kaskazini alizoea majani na maganda ya migunga kuliko nyasi.

Jioni tulimrudisha zizini kwa mzee, miongoni mwa mbuzi waliokuwa wachinjwe alfajiri. Alikula papo hapo, ubavu kwa ubavu nao. Mama alisimama kitambo akiwatazama. Kisha akafungua fundo la leso, akahesabu fedha za kodi ya nyumba, akauliza bei ya yule aliyekuwa ubavuni.