Kutu Iuayo Kutu

Katika boma moja lililo baina ya Ruiru na Thika, mahali ambapo masalia ya mashamba ya kahawa yamepakana na nyumba za kupanga za ghorofa nne, kuna bomba kuukuu la kunyunyizia dawa lililotundikwa ukutani mwa ghala. Bomba hilo ni la shaba ya manjano, la kubebwa mgongoni, na mwenyewe hajalibeba kwa miaka mingi. Kwenye maungio yake, pale kishikio kinapoingia na pale mpira unapofungwa, pamefanyika ukoko wa kijani unaobanduka kama magamba. Mjukuu wake, mwanafunzi wa Kiswahili aliyetumwa na mhadhiri wake kukusanya msamiati wa wakulima wa kahawa, aliukwaruza ukoko huo kwa ukucha, akauliza:

“Guka, hii ni kutu?”

Mzee alimjibu kwa Kikuyu, kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa kuwa alimwona ameshika kalamu. “Hiyo si kutu, mjukuu wangu. Hiyo ni dawa. Kutu ndiyo tuliyokuwa tukiiua.”

Mwanafunzi aliiandika sentensi hiyo, akaipigia mstari, na hakuielewa hadi alipokaa maktabani majuma kadhaa.

Ikumbukwe kwamba neno kutu lina kazi nyingi katika lugha yetu. Chuma kikilowa hushika kutu nyekundu, nayo shaba ikiachwa hushika kutu ya kijani. Isitoshe, wataalamu wa kilimo wa Tanzania huuita kutu ya majani ule ugonjwa wa mbuni unaoacha unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani. Ugonjwa wa pili, uozeshao buni ikiwa bado changa, wao huuita chulebuni, neno ambalo sisi wa upande huu wa mpaka tungefaa kuliazima bila kuona haya badala ya kutaja herufi tatu za Kiingereza. Kwa hivyo mwanafunzi na babu yake wote wawili walikuwa na haki. Kilichokuwa mkononi mwa mmoja kilikuwa kutu kwa asili yake na dawa kwa matumizi yake.

Kemia ya dawa ile ni sahili. Ni atomi mbili za shaba, moja ya klorini, na jozi tatu za oksijeni na haidrojeni. Karibu asilimia 60 ya uzani wake ni shaba. Viwandani huitwa oksikloridi ya shaba. Katika maumbile, hata hivyo, mchanganyiko huohuo ni madini adimu yanayoitwa atakamiti, kutokana na jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, ambako yalielezwa na wanasayansi mwanzoni mwa karne ya 19. Fuwele zake ni nyembamba na ndefu, zenye mng’ao wa kioo, na rangi yake huanzia kijani kibichi hadi kijani kinachokaribia weusi. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni 3 hadi 3.5, yaani ukucha hauwezi kuyakwaruza lakini kisu huyakata kwa urahisi. Ni mazito: uzani wake ni takriban mara 3.76 ya maji ya ujazo uleule. Asidi huyayeyusha upesi, bali maji matupu huyayeyusha kidogo mno, nayo sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoyaleta Ruiru, kama itakavyoonekana.

Atakamiti hupatikana wapi? Huzaliwa pale madini mengine ya shaba yanapooza karibu na uso wa ardhi mbele ya chumvi na ukame. Mvua ya kawaida hairuhusu. Ndiyo maana makao yake mashuhuri ni Atacama, ambako mvua ni chache kupindukia, na migodi ya kale ya Australia ya Kusini. Huonekana pia kandokando ya chemchemi za moto zilizo chini ya bahari, na katika utando wa kijani uliolifunika Sanamu ya Uhuru kule New York. Ajabu kubwa zaidi ni ile iliyotangazwa mwaka 2002, kwamba mnyoo wa baharini aitwaye Glycera ana nyuzi za atakamiti ndani ya taya zake, zinazoyafanya yawe magumu ya kuumia. Madini yanayosubiri ukame jangwani, kumbe mnyoo huyatengeneza mwenyewe matopeni!

Thika na Ruiru hazina masharti hayo hata kidogo. Mwamba wake ni wa volkano, ule unaochongwa mawe ya kujengea huko Juja na Ndarugu, na hauna mgodi wa shaba. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, takriban milimita elfu moja kwa mwaka. Kwa mujibu wa maumbile, madini haya yasingekuwapo hapa. Yalikuja kwa magunia.

Asili ya safari hiyo ni Ufaransa. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea Millardet alitangaza kwamba mizabibu ya Bordeaux iliyopakwa sulfeti ya shaba na chokaa, ambayo wenye mashamba waliipaka ili wezi wa zabibu wapate kinyaa, haikushikwa na kuvu. Wakati huo kutu ya majani ilikuwa inaiangamiza kahawa ya Ceylon, ambako ilikuwa imezuka mwaka 1869. Nchini Kenya, walowezi walipanda kahawa Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1922 chulebuni ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani, humuhumu nchini. Shaba ikawa ngao. Chembe zake hukaa juu ya jani. Umande au mvua ikija, huachilia shaba kidogo kidogo, na mbegu ya kuvu inayotaka kuchipua katika tone hilo hufa. Kuvu ikishapenya ndani ya jani, shaba haina la kufanya. Kwa hiyo ilibidi inyunyizwe kabla ya mvua, na mvua ikiiosha, inyunyizwe tena, na tena.

Waliofanya kazi hiyo hawakuwa wenye kahawa. Katika sehemu nyingi za Mkoa wa Kati, Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa yake hadi miaka ya 1950, lakini kuibebea dawa kahawa ya mwenzake aliruhusiwa siku zote. Mzee huyu alianza kazi hiyo akiwa kijana, katika shamba asilopenda kulitaja, akifunga gunia kiunoni na kitambaa puani. Alimweleza mjukuu wake kwamba Jumamosi, siku ya kupokea posho, karani aliwatambua wanyunyizaji kwa vidole vyao kabla ya kusoma majina.

“Na haikukudhuru, Guka?”

“Macho yaliwasha. Lakini majani yalikaa mtini, yakawa meusi kwa afya. Ulipenda kuyatazama.”

Alichokisema kuhusu majani ni kweli, maana watafiti wameeleza kwamba mbuni uliopata shaba hukawia kupukutisha majani yake. Wahenga nao walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, wataalamu wa magonjwa ya mimea waliochunguza chulebuni nchini Kenya walibaini jambo la kutatiza: dawa iliyolengwa kutu huweza, isiponyunyizwa kwa wakati wake, kuua vijidudu visivyo na madhara vinavyoishi juu ya mbuni na kushindana na kuvu ya chulebuni, na hivyo kuuacha uwanja wazi kwa adui wa pili. Wanyunyizaji hawakuambiwa habari hiyo.

Jibu la kudumu lilitafutwa Ruiru kwenyewe, katika kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1985 kituo hicho kilitoa aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, iliyo fupi na yenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Mwaka 2010 ikafuata Batian. Wapo wanywaji wanaosema kuwa hakuna kikombe kama cha SL28, aina ya zamani iliyo tamu na dhaifu. Na waseme, wao hawakubeba bomba.

Shaba haiozi. Jani huanguka, huoza, na shaba iliyokuwa juu yake hubaki katika tabaka la juu la udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu mashamba ya kahawa ya Kenya ya umri mbalimbali ulionyesha mlundikano huo wa shaba ya dawa katika udongo na katika majani yaliyoanguka. Mashamba mengi ya aina hiyo si mashamba tena. Barabara kuu ya Thika ilikamilishwa mwaka 2012, mji wa Tatu City ulizinduliwa mwaka 2010 juu ya ardhi ya kahawa karibu na Ruiru, na kando yake ploti za futi hamsini kwa mia zimeuzwa hadi mabondeni. Anayenunua ploti huuliza habari za maji, umeme na hatimiliki. Kisha nyuma ya nyumba hupanda sukuma wiki.

Mwanafunzi alirudi na tatizo la msamiati. Kamusi zilimpa neno mrututu, lakini kwa maana ya sulfeti ya shaba, kitu cha buluu kilichopakwa vidonda. Wakulima wa Kilimanjaro wamelipanua neno hilo likabeba dawa za shaba za rangi nyingine, na kwa maoni ya wengi upanuzi huo unatosha. Alimsomea babu yake orodha yake yote: oksikloridi, atakamiti, mrututu wa kijani.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni lipi kati ya hayo lililokuwa limeandikwa kwenye gunia. Alipoambiwa kuwa ni la kwanza, alitikisa kichwa. Magunia hayo aliyafungua miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumsomea.

“Andika mrututu,” akasema. “Na hilo bomba usilisugue. Liache hivyo hivyo.”