Lubumbashi: Ule ujumbe haukutoka kwa msanii

Mama mmoja aliyehama Bukavu anakaa kwa mdogo wake katika komine ya Katuba, vyumba viwili, watu tisa. Njia aliyopita wengi wanaijua: Bukavu hadi Uvira, kipande kwa gari na kipande kwa miguu, boti hadi Kalemie, halafu lori na vumbi mpaka Lubumbashi. Ilikuwa mwezi wa pili wa 2025, M23 walipoingia Bukavu. Watu kwa maelfu walishuka bonde la Ruzizi, na wengi wakavuka mto kwenda Burundi. Kijana wake wa miaka 17 alikuwa kati ya waliovuka. Walipotezana usiku, mama akabaki upande huu wa mto, mtoto akawa upande ule.

Baadaye mtoto alimpata kwa WhatsApp. Hana simu yake mwenyewe, anaazima kwa jirani wa kambini, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Anaandika mara moja kwa juma, saa zingine mara moja kwa majuma mawili, na kila mara namba inakuwa nyingine. Kupiga simu kutoka Burundi ni bei. Ujumbe wa WhatsApp unapita kwa megas kidogo. Kwa hiyo kitu kimoja tu ndicho kinachowaunganisha: mtoto ameshika kichwani tarakimu kumi za mama yake.

Mwezi wa nane, mama akiangalia Facebook kwa simu yake iliyopasuka kioo, akakuta ukurasa wenye picha ya msanii mkubwa wa Kongo, yule ambaye nyimbo zake zinapigwa kila ndoa. Jina lake halina haja ya kutajwa hapa, kwa sababu hana kosa. Ukurasa ulisema msanii ameumia moyo kwa ajili ya vita ya mashariki na atampa kila mama aliyehama dola 200. Kulikuwa na video pia. Msanii mwenyewe anaongea, sauti ni yake, mdomo ni wake, anasema habari ya amani. Video ilikuwa ya kweli, ila ilikatwa kutoka mahojiano ya zamani ambayo hayakugusa dola hata moja.

Mama akaandika. Akajibiwa kwa upole, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili cha kuvunjika-vunjika. Wakamuuliza jina kamili, alikotoka, ana watoto wangapi. Wakaomba picha ya kadi yake ya uchaguzi, mbele na nyuma. Mwishoni wakaomba dola 10 za kufungua dosye.

Alienda kwenye kabine, pale chini ya mwavuli kando ya barabara, ambapo watu wananunua uniti na kutuma pesa. Kijana wa kabine akamwangalia.

“Mama, huyu mutu unamujua?”

“Ni ya dosye.”

“Dosye ya nani? Wiki hii wewe si wa kwanza, mama.”

Mama akakasirika. Akamwambia kijana hataki kuona mwenzake akipata bahati. Akachukua simu, akavuka barabara, akatuma kwenye kabine nyingine ambako hakuulizwa kitu.

Kesho yake wakamwambia atapokea kodi ya tarakimu sita, airudishe kwao ili wamthibitishe. Kodi ikaja, na chini yake maneno ya Kifaransa ya kumkataza asimpe mtu. Mama hasomi Kifaransa. Mtoto wa mdogo wake, mwenye miaka kumi, akamsomea namba kwa sauti, na mama akaituma. Dakika moja baadaye WhatsApp yake ilijifunga. Jioni ile, watu wa kwaya yake ya Bukavu na jamaa wa Kadutu wakapokea ujumbe kutoka kwa namba yake: mtoto yuko mgonjwa sana, tusaidieni. Shemeji yake aliyeko Kalemie, ambaye naye ni mtu aliyehama, akatuma dola 30.

Mwizi hakuchagua sura ile ovyo. Sura ya nyota inafungua mlango ambao sura ya mgeni haiwezi kuufungua, na sisi watu wa Katanga tunaijua kazi hiyo tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, wapiga gitaa waliotoka kwetu, walikuwa Nairobi wakitumia sauti zao kutangaza biashara, mmoja dawa ya Aspro, mwingine Coca-Cola. Watu walinunua kwa sababu waliijua gitaa. Hakukuwa na ubaya. Ila siku hizo, ili kuitumia sauti ya Bosco, ilikuwa lazima umlipe Bosco. Leo yeyote mwenye simu ya dola 40 anaweza kuikata sauti ya msanii na kuipachika kwenye uongo wake.

Tanzania wameyaona. Tajiri Mohammed Dewji amelazimika kuonya mara nyingi kwamba hatoi mikopo kwa Facebook, na bado kurasa zenye picha yake zinazaliwa upya. Kenya mzee Manu Chandaria amekana mikopo ya jina lake kwa miaka. Nchi zote mbili watu waliliwa pesa ya “fomu”, na ni ile ile dosye ya Katuba kwa jina lingine.

Kwa hiyo inapokuja habari ya kampeni za usalama wa intaneti zinazoongozwa na watu mashuhuri, kuna neno la kusema. Kampeni hizo zipo, na nyingine zimefanywa kwa moyo mzuri. Kila mwaka, Jumanne ya juma la pili la mwezi wa pili, dunia inaadhimisha Siku ya Intaneti Salama, iliyoanza Ulaya mwaka 2004. Wasanii, wachezaji na watangazaji wanatoa video: linda neno lako la siri, usiongee na usiyemjua. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia tarehe 11. Siku tano baadaye Bukavu ilikuwa mikononi mwa M23, na mama huyu alikuwa njiani na mfuko mmoja.

Shida ya kwanza ya video hizo ni kwamba zinafanana sana na ukurasa wa mwizi. Picha ni ile ile, sauti ni ile ile, na zote mbili zinamwambia mtu aamini kwa sababu ni fulani anayesema. Shida ya pili ni kwamba zinaongea na mtu mwenye simu yake, neno lake la siri na chumba chake. Katika nyumba ya watu tisa simu ni ya wote. Mtoto anasoma ujumbe wa mama, mama anatuma pesa kwa mkono wa kijana wa kabine, na kadi ya simu mara nyingi imeandikishwa kwa jina la shemeji. Mama huyu hakuwa na neno la siri la kulinda. Alikuwa na kodi ya tarakimu sita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ndiyo ufunguo wa mlango.

Yuko mtu mmoja mashuhuri aliyefanya kwa namna nyingine. Uingereza kuna mwandishi wa habari za pesa anayeitwa Martin Lewis. Wezi waliweka sura yake kwenye matangazo ya uongo ya Facebook, watu wakapoteza akiba zao. Mwaka 2018 aliishtaki Facebook. Mwezi wa kwanza wa 2019 aliiondoa kesi baada ya kampuni kukubali kutoa pauni milioni 3 kwa shirika la kusaidia waliotapeliwa, na kuweka njia ya watu wa Uingereza kuripoti matangazo kama hayo. Lakini neno lake lililosaidia zaidi ni jepesi kuliko kesi yote: alisema yeye hafanyi matangazo kabisa, kwa hiyo ukiona tangazo lenye sura yake, ujue ni wizi. Hakuomba aaminiwe. Alisema jambo ambalo hatalifanya kamwe, na mtu anaweza kulishika neno hilo hata kama hajui kusoma vizuri.

Wasanii wetu wangeweza kusema hivyo kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Tshiluba, sentensi mbili tu: mimi sigawi pesa kwa Facebook, na sitakuomba kodi wala dola ya dosye. Dakika moja ya redio ingetosha, kwa sababu redio inafika hata kwa mama ambaye megas zake zimeisha.

Lubumbashi hata haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kundi la Mufwankolo lilifundisha mji huu kwa miaka mingi, kwenye redio na televisheni, kwa Kiswahili cha hapa hapa. Halikusimama mbele ya watu kuwaambia mfanye hivi, msifanye vile. Lilicheza. Ulimwona mjanja anaingia, ulisikia namna anavyoongea tamu, ulicheka, na katikati ya kicheko uliona mkono wake unakwenda wapi. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano imeendesha kampeni inayoitwa Sitapeliki, na jina lenyewe ni zuri, mtu anaweza kulitamka mbele ya mwizi. Hapa kungetosha mchezo wa dakika tano: mama, mpwa wa miaka kumi anayesoma namba kwa sauti, na kijana wa kabine anayeuliza “huyu mutu unamujua?”

Kwa sababu kijana yule ndiye aliyekuwa kampeni ya kweli siku ile. Hakuwa nyota, ndiyo sababu hakusikilizwa.

Mambo kadhaa mama huyu anayajua sasa, na jamaa zilizohama zingefaa kuyajua kabla. Msaada wa HCR na PAM haulipiwi, wala kuandikishwa hakulipiwi. Anayeomba dola ya kukuandika kwenye orodha si wao. Kumtafuta mtu aliyepotea kupitia Croix-Rouge nako ni bure, na ni afadhali kuliko kutandaza Facebook picha ya mtoto, jina lake na kambi alipo, maana anayesoma anaweza kuwa yeyote. Kwenye WhatsApp, katika simu ya Kifaransa, ingia Paramètres, halafu Compte, halafu Vérification en deux étapes, uweke namba sita zako mwenyewe. Mwizi hataingia hata akiipata kodi, ilimradi hizo namba sita nazo humpi. Ni kazi ya dakika mbili, na mtoto wa masomo anaweza kumfanyia bibi yake.

Sheria ipo pia. Kongo ina Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inagusa makosa ya mitandaoni. Lakini mlalamikaji anatakiwa aje na kitu mkononi: picha za mazungumzo, ujumbe wa pesa iliyotumwa, namba iliyopokea. Mama alikuwa amefuta vyote usiku ule ule. Alisema hakutaka mdogo wake avione. Haya ilimuuma kuliko zile dola 10, na wezi wanaijua haya kama wanavyoijua njaa.

Kuhusu WhatsApp, mdogo wake alimpeleka kwa fundi wa simu karibu na soko la Kenya (ile komine yetu, si nchi). Fundi akaomba kodi mpya, ikaja kwenye simu ya mama kwa sababu kadi ilikuwa bado yake, na mwizi akatupwa nje. Ila mwizi alikuwa ameshaweka namba zake sita za siri, na WhatsApp katika hali hiyo inamwambia mwenye namba angoje siku saba.

Siku saba mama alingoja. Hakuogopa kwamba mwizi atawaomba pesa watu wengine. Wa kwaya walikuwa wameshaambiana. Aliogopa ile saa moja mtoto anapopata simu ya kuazima. Kila alichoandika mtoto kabla mwizi hajatupwa nje kilisomwa na mtu mwingine, na labda mtu huyo alimjibu.

Siku ya nane akaunti ikafunguka, tupu. Hakuna ujumbe kutoka Burundi. Siku mbili zikapita, ya tatu ikawa Jumapili. Jioni simu ikalia mara moja, ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Namba inaanza na 257. Kadi ilikuwa mfukoni mwake muda wote; simu ya kawaida haikuwahi kufungwa, mtoto tu hakuwa na pesa ya kupiga, alikuwa anabipu.

Mama hakuwa na uniti. Alitoka na kanga ya nyumbani mpaka chini ya mwavuli wa kijana yule wa kwanza, yule aliyemgombeza. Hakujua aanze wapi. Kijana akamwekea uniti, akamwambia atalipa kesho.

Sauti iliyopokea ilikuwa nzito kuliko aliyoizoea.

“Mama, ni miye.”

“Ngoja kwanza. Siku ya Noeli, ni nani alivunja sufuria ya bugali?”

Upande wa pili pakawa kimya, halafu kicheko.

“Si ni wewe, mama. Halafu ukasema ni paka.”