Idhini Kabla ya Rangi

Mji wa Philadelphia, ambako riziki imenileta kukaa, una sifa moja ambayo mgeni haimchukui siku nyingi kuitambua, nayo ni kuta zake. Tangu mwaka 1984, pale serikali ya mji ilipomweka msanii Jane Golden awaongoze vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa maandishi ya rangi ili wawe wachoraji wa hadharani, imechorwa humo michoro mikubwa zaidi ya 4,000, na mingi katika hiyo imepita mikononi mwa wakazi wenyewe kabla ya kupanda ukutani. Majira ya joto yaliyopita nilijitolea katika kituo cha watoto cha mtaa mmoja, kilichotaka ubavu wa jengo lake upambwe, na tangu hapo fikira zangu zimekuwa zikienda na kurudi baina ya ukuta ule na kuta za vituo vya kwetu Tanga.

Kabla ya kukabidhiwa brashi nilitakiwa vyeti. Sheria ya jimbo la Pennsylvania inamtaka mtu mzima anayejitolea kuwaangalia watoto alete cheti cha polisi wa jimbo, na cheti kingine cha kwamba hakupata kutajwa katika mambo ya kuwadhulumu watoto; na asiyekaa jimboni miaka 10 mfululizo sharti atoe pia alama za vidole zikatazamwe na FBI. Mimi, mtu wa mvi na wajukuu, nilikwenda nikabonyeza vidole vyangu juu ya kioo, wala sikuona kuwa nimevunjiwa heshima, kwa maana mtoto ni amana. Kwetu, ajinabi ashukaye ndegeni asubuhi, mwenye begi mgongoni na moyo mwema, huenda alasiri ya siku ile ile akawa amekwisha kupakatishwa yatima na kupigwa picha naye, bila ya kuulizwa ila jina. Ukarimu wetu ndio ulionilea, na nauenzi. Lakini katika jambo hili naona umepita mpaka, nami nalisema kwa uchungu.

Baada ya vyeti vikafuata vikao, na hapa ndipo penye maana yote ya maneno yangu. Mwenye ukuta alitoa idhini kwa maandishi; majirani wakaalikwa jioni baada ya jioni; na bibi mmoja mkongwe, mzaliwa wa mtaa huo, akasimama akaikataa katakata picha ya mashujaa iliyopendekezwa, akataka ichorwe ile ngazi fupi ya mawe iliyo mbele ya kila nyumba, ambapo watu hukaa wakizungumza nyakati za joto, mfano wa baraza zetu. Rai yake ndiyo iliyofuatwa. Mchoraji akaigawa picha vipande vipande juu ya kitambaa chepesi kisichofumwa, ambacho mafundi wa huko hukiita cha parachuti, akavitia mistari na nambari, kila nambari na kopo lake la rangi, vikatandazwa juu ya meza za ukumbini, hata mtoto wa miaka sita, ambaye asingeruhusiwa kupanda jukwaa, akapata fungu lake. Msichana mmoja alishinda na rangi ya kahawia ya jiwe la ngazi, ulimi nje ya midomo, akipaka taratibu asivuke mstari, na kila apitaye humwonyesha kwa kidole: hapa pangu. Vilipokauka vilibandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki, hata usione palipoungwa.

Nyumbani nimeona vituo vilivyochorwa na vijana wa kigeni waliokaa majuma mawili: tufaha, dubu, nyumba yenye theluji juu ya paa, na watoto wakaitwa mwishoni tu kuchovya viganja na kuvigandamiza pembeni. Siwalaumu vijana hao. Sisi wenyeji ndio tunaoona haya kumwambia aliyeleta rangi kwamba tungependa picha hii na si ile, ilhali asili ya jambo lenyewe tunayo. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alipolipamba kanisa la ukumbusho la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, alimchora Yesu katikati ya vilima na mashamba ya Wakikuyu. E. S. Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia mbao za dari na rangi ya baiskeli, vitu vya dukani. Na mama zetu, Idi ikikaribia, walipaka chokaa nyumba nzima, wadogo wakiachiwa sehemu ya chini wanayoifikia.

Nimewaandikia wazee wa kituo kimoja cha Tanga kuwashauri waanze na vikao, kisha watoto wachore mezani juu ya mbao za dari badala ya kitambaa. Wamekubali, ila fundi wao amejibu kwamba ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya saruji, nao unatoa chumvi kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke. Basi sharti lipu ibanduliwe, upakwe chokaa, uachwe ukauke kabla ya kutundikwa chochote. Fedha ya chokaa tunaichanga sasa sisi tulio huku. Shauri la picha wameachiwa watoto, ambao hadi barua ya mwisho walikuwa wamegawanyika baina ya jahazi na garimoshi.