Poa Ni Uji

Mama alikuwa na jibu moja kwa kila mtoto aliyethubutu kumwambia "poa": "Kinachopoa ni uji. Wewe umepikwa na nani?"

Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwetu Ilboru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mtoto wa Kiarusha alimwinamishia babu kichwa aguswe utosini, akaingia jikoni akampa mama shikamoo yake, kisha akatoka barabarani na kusema "mambo". Salamu tatu ndani ya hatua hamsini. Hakuna aliyetupangia ipi ianze. Ukikosea ndipo ulipofundishwa, na mkono wa mama haukuwa mwepesi.

Sikujua wakati ule kwamba ugomvi wa mama haukuwa na neno lenyewe. Poa ni Kiswahili safi, tena cha jikoni. Kilichomkera ni ile namna iliyokuja nalo: mabega yameshuka, mkono mfukoni, shati halijachomekewa. Nyumbani kwetu namna hiyo haikuwa na jina zuri. Aliyelegea aliitwa mlegevu, na kutoka kwenye ulegevu hadi kwenye uhuni hapakuwa mbali. Baba alikuwa kijana mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikawa marufuku. Suruali yake moja iliishia kuwa tambara la kufutia baiskeli. Alituhadithia bila kinyongo, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani, lakini tangu hapo kwake nguo na tabia vilikuwa kitu kimoja. Sifa pekee aliyompa mtu asiyejikaza ni "hana makuu", na hiyo aliwapa watu wazima tu, wenye cheo au mashamba, ambao wangeweza kuwa na makuu wakaamua kuyaacha. Kijana angeacha nini?

Basi tukapitia mlango wa nyuma, kwa Kiingereza.

Mjini Arusha, kati ya Mnara wa Saa na barabara ya Goliondoi, walizunguka maflaikacha, wale vijana waliowinda watalii wa kuwauzia safari za Serengeti na Ngorongoro. Kiingereza chao hakikupitia darasani. Mgeni akishtuka kwa kufuatwafuatwa, walimtuliza kwa maneno yaliyotoka kwa wageni waliomtangulia: rilaksi, teki iti izi. Jioni maneno yaleyale yalifika kijiweni kwetu yakiwa yamekwisha kuvaa ndala. "Izi tu, chaliangu," mtu angekuambia ukipoteza daftari la hesabu.

Lakini lililonikaa zaidi ni "frii". Kwa wenyewe ni bure, au huru. Kwetu likawa jina la mtu asiyekunja uso, ambaye unaweza kumuuliza lolote bila kupiga magoti moyoni. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa jiografia aliyekaa juu ya meza akifundisha, miguu ikining'inia. Tulimsifu: yule yuko frii. Ungemsifu kwa Kiswahili cha baba, ukasema amelegea, ungekuwa umemtukana. Tabia ni moja, miguu ni ileile inayoning'inia, ila neno la kuazima lilikuja bila fimbo nyuma yake. Ndiyo maana tulilipenda. Sidhani kama tulipenda Kiingereza.

Kwenye muziki nako kulikuwa na mambo yake. X Plastaz, kundi lililoanza mwaka 1996, liliingiza uimbaji wa Kimaasai ndani ya rapu, na albamu yao ya mwaka 2004, Maasai Hip Hop, ikatoka Ujerumani. Babu angeitambua sauti ile, asitambue suruali za mlegezo zilizosimama kando yake.

Neno ambalo halikufanikiwa kwetu ni "kazual". Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilikaa kwenye jengo la mikutano la AICC hadi mwisho wa mwaka 2015, na mji ulijaa mawakili na wakalimani, suti siku nne, jinzi Ijumaa. Ofisi nyingine za mjini zikaiga. Katika moja, nilikokuwa karani, tangazo lilibandikwa ukutani kuwa kila Ijumaa ni kazual. Mzee wetu wa usafi, aliyechuma kahawa ujanani kwenye mashamba ya walowezi, alinivuta pembeni akauliza kwa sauti ya chini kama kuanzia Ijumaa tutalipwa kwa siku. Huko shambani kazual alikuwa kibarua: leo upo, kesho haupo, huna likizo wala kiinua mgongo. Nilicheka, halafu nikaona hacheki. Ijumaa ile alikuja na koti na tai. Nadhani hakuivua tai hata alipodeki choo.

Siku hizi binti yangu ana maneno yake, anachili na kufuata vaibu, nami najikuta nikitaka kumuuliza amepikwa na nani. Mama ndiye anayenizuia. Ana miaka zaidi ya 80 na simu ya tochi. Juzi nilimpigia nikiwa ndani ya kifodi, konda akipiga kelele za Sanawari, nikaenda moja kwa moja kwenye la kwangu: "Mama, unaendeleaje?"

"Poa tu. Niko frii, nakunywa chai."

Nikakosa la kusema.

"Mbona kimya?" akauliza. "Au shikamoo yangu ndiyo imepoa?"