Hesabu za Ayubu

Utotoni, kwenye mafundisho ya Jumapili, nilimpenda Ayubu kwa hesabu zake. Alipoteza kondoo 7,000, akapata 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Mwalimu akiuliza, sisi tunaitikia kwa kelele. Watoto tu ndio hawakuongezwa: wa kiume saba na wa kike watatu walikufa, wakazaliwa saba na watatu. Basi, hadithi imekwisha, twende tukacheze.

Kisha kaka yangu akafariki. Msibani watu walimwambia mama ajikaze, bado ana watoto wengine. Hawakukosa wa kumtajia Ayubu. Nikiwa nagawa chai, zile hesabu zikaanza kunikera. Ngamia hulipwa kwa ngamia. Wale kumi wa kwanza je, nani aliwalipa?

Aliyetuokoa ni jirani yetu, bibi wa Kiislamu. “Mwacheni mwenzenu alie,” alisema. “Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yakapofuka, na yeye ni nabii.” Usiku nikafungua Mwanzo 37. Yakobo anararua nguo, anavaa gunia. Wanawe na binti zake wanamzunguka kumfariji, naye anakataa. Wala mwandishi hamkemei.

Tangu hapo nasoma visa hivi bila kukimbilia mwisho. Ibrahimu, maiti ya Sara ingali haijazikwa, yuko katika mazungumzo ya bei na Efroni Mhiti, na pango la Makpela linamgharimu shekeli 400 za fedha. Aliyewahi kutafuta jeneza kwa haraka atamwelewa. Marafiki wa Ayubu nao waliketi naye chini siku saba bila neno. Balaa lilianza walipofungua midomo.

Ila wa kwangu hasa ni Rispa, suria wa Sauli, katika 2 Samweli 21. Daudi aliwatoa wana wawili wa Rispa, pamoja na wajukuu watano wa Sauli, wakauawa na Wagibeoni na kuachwa mlimani. Rispa akatandika gunia mwambani, akafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hadi mvua iliponyesha. Hatusikii neno lake hata moja. Lakini habari zilimfikia mfalme, na mifupa ikakusanywa, ya Sauli na Yonathani ikazikwa kwao.

Nilimsomea mama. Akauliza nani alikuwa akimpelekea maji kule juu. Nikamwambia haikuandikwa. Akasema lazima alikuwapo mtu.