Figo Yangu Bado Ninayo

Nilikwenda Hola kupimwa tumbo, altrasaundi ikaonyesha kitu kwenye figo ya kulia. Siumwi, mkojo safi. CT skani ya Nairobi ikakipima: sentimita 2.5. Nikajua figo inatolewa, maana huku Chewele ndivyo tulivyozoea kusikia. Lakini mimi nina kisukari, na madaktari hawakutaka niishi na figo moja. Hiyo iliyobaki ikiharibika, ni dayalisisi, na mtu wa dayalisisi hana tena nafasi ya kulima Bura.

Wakasema uvimbe utachomwa ndani kwa ndani. Mjomba wangu, aliyechoma mbavu za nusu ya kijiji kwa chuma cha moto, alicheka. "Mwanangu, mbona hiyo ningekufanyia hapa hapa bure?"

Lakini kazi hii ya hospitali inataka daktari aliyesomea kuongoza sindano kwa picha, na Afrika Mashariki hao bado wachache. Chuo cha Muhimbili, Tanzania, kilianza kuwafundisha mwaka 2019 tu. Nililazwa kifudifudi kwenye mashine, nikabandikwa vibandiko vipana mapajani ili umeme wa sindano upate pa kutokea, kisha usingizi wa dawa ukanichukua. Mengine nilisimuliwa. Walichukua kwanza kipande cha nyama cha kupeleka maabara. Utumbo ulikuwa umeegemea figo, basi wakapenyeza maji katikati kuusogeza usije ukaungua. Ndipo sindano ya moto ikaingia. Joto likipita nyuzi 60, seli hufa papo hapo. Penye mshipa mkubwa wa damu joto hupozwa, ndiyo sababu wanapenda uvimbe usiozidi sentimita 3, tena uliokaa pembezoni.

Niliamka na plasta moja mgongoni. Homa ikanishika, mkojo ukawa mwekundu kidogo, vikapita. Kilichonitisha ni picha ya baadaye: uvimbe ule ule, pale pale! Daktari akanionyesha kwa kidole. Dawa iliyopitishwa mshipani ilikuwa imeng'arisha figo yote isipokuwa doa moja jeusi. Pale damu haifiki tena, akasema, pamekufa; kovu litasinyaa taratibu.

Ng'ombe niliuza kulipia matibabu, sifichi, na zizi halijajaa tena. Hata hivyo mahindi nayapalilia mwenyewe. Kila mwaka narudi kupigwa picha, kwa kuwa chembe iliyosalia hai inaweza kuota upya, na ikiota huweza kuchomwa tena. Nauli ya Nairobi naitenga siku ile ile ya kuuza mavuno, kabla watoto hawajaiona.