Nimepungua Kilo 44, na Hapana, Sina Ngoma

Dada yeyote maarufu wa hapa mjini akipungua, komenti huwa ni tatu tu. Ya kwanza: "Ana ngoma huyo." Ya pili: "Kakatwa utumbo." Ya tatu ni ya wale wapole kidogo: "Alikuwa anapendeza zaidi akiwa bonge." Kuna msanii mmoja, simtaji, aliposti picha na gauni la kubana, watu wakamshukia kama mwewe. Mimi nilizisoma zote nikacheka kwa uchungu, maana zote tatu nimeshaambiwa. Tena siyo na watu wa mtandaoni. Na watu wanaokuja kula kwangu.

Mimi siyo staa, jamani. Ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, kazini naenda kwa daladala kama wewe. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 160. Miezi 14 iliyopita nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Leo nina kilo 84. Naandika kwa ajili ya yule aliyelala na simu saa saba usiku anatafuta habari hizi halafu anafuta alichotafuta ili mume asione.

KABLA

Ukiwa bonge hapa Dar unajifunza kuwachekesha watu kabla hawajakucheka. Konda akisema "mama, wewe ni siti mbili hizo," unamjibu "basi nipe na chenji ya wawili," gari zima linacheka, na wewe unacheka. Boda akikuangalia halafu akakwambia "sista, bora uchukue bajaji," unacheka pia. Ila usiku hakuna wa kumchekesha. Nilikuwa nakoroma mpaka pumzi inakata, mume wangu ananitikisa niamke. Presha nilianza nayo nikiwa na miaka 29, sukari ikafuata nikiwa na 33. Ngazi za ghorofa moja nilikuwa napumzika mara mbili, najifanya napokea simu.

Na msiniambie habari za diet. Maji ya ndimu na tangawizi nimekunywa. Chai za kukata tumbo za Instagram nimenunua. Wanga niliacha miezi mitano, nikapungua kilo 15, zikarudi na marafiki zao. Daktari ndiye aliyenielewesha: ukipungua kwa kujinyima, mwili unadhani kuna njaa nchini. Unakuongezea hamu ya kula na unapunguza matumizi yake ili mafuta yarudi. Siku ile nililia, kwa sababu maisha yangu yote niliamini mimi ni mvivu na mlafi tu.

KWANZA TUELEWANE

Wengi wanachanganya mambo matatu. Kuna kunyonya mafuta, hiyo ni ya kurekebisha umbo, haitibu unene. Kuna puto, linaingizwa tumboni kupitia mdomoni bila kisu, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Hata Mloganzila wanaweka puto. Halafu kuna upasuaji wenyewe. Wangu unaitwa slivu. Wanapitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo, wanakata na kutoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo. Kinachobaki kinafanana na ndizi. Utumbo haukuguswa, kwa hiyo wale wa "kakatwa utumbo" naomba mpumzike. Ile sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, ndiyo maana hamu inashuka. Na kilichokatwa hakirudishwi. Hakuna kubadili mawazo.

Hawakukati siku unayofika. Nilipimwa damu, moyo, wakaangalia tumbo kwa kamera, nikakaa na mtu wa lishe na mwanasaikolojia. Wiki mbili za mwisho nilikuwa nakunywa vitu vya majimaji vyenye protini ili ini lisinyae, kwa sababu ini likiwa kubwa linamziba daktari. Bima yangu haikulipia hata shilingi. Tuliuza kiwanja chetu cha Chanika. Ndugu wa mume wakasema kiwanja kimeuzwa ili mke apate shepu.

BAADA

Siku za kwanza ni maji, kwa kijiko, siku nzima. Halafu supu iliyochujwa na maziwa, halafu vitu vilivyosagwa, halafu vyakula laini. Mpaka nagusa ugali mwezi wa pili umeshapita, na ni tonge mbili. Unaanza na protini kwanza: samaki, yai, maharage. Hunywi maji wakati unakula, unasubiri kama nusu saa. Ukila haraka, chakula kinakwama kifuani kama jiwe, mwisho unatapika. Vitamini na madini ni vidonge vya maisha, pamoja na kupima damu mara kwa mara. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka kwenye kitana kwa mafungu. Ni kawaida, na zilirudi, lakini siku unaziona kwenye sinki hakuna anayeweza kukwambia ni kawaida ukamwelewa.

Na ngozi. Hiyo hakuna staa anayeiposti. Mikono na tumbo vimening'inia kama nguo niliyoazima kwa mtu mkubwa. Nimepungua, lakini mikono mifupi bado sivai.

Ila ngoja niwaambie kilichonitesa kuliko vyote hivyo. Sherehe. Sisi huku upendo unapakuliwa kwenye sahani. Ukikataa pilau ya mtu umemkataa yeye. Kwenye harusi moja wifi yangu alisema kwa sauti, "Siku hizi anatuona wachafu." Nikala ili kumridhisha, nikaishia chooni.

Nilipoenda Tanga kwa mama, alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani yangu ile ile ya zamani, imejaa. Nikala vijiko vinne, nikaweka kijiko chini. Hakusema kitu. Usiku akaja chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, unatumia dawa? Niambie mimi mama yako, siwezi kukukimbia." Nikainua blauzi nikamwonyesha makovu matano madogo. Nikamweleza yote. Akayagusa moja moja kwa kidole. Halafu akauliza, "Kwani mimi nilikulisha vibaya?"

Mpaka leo sina jibu zuri la swali lile. Mama alitulea sita kwa biashara ya vitumbua. Kwake, mtoto mnene ni ushahidi kwamba mama hakushindwa. Nilimwambia, "Mama, ulinilisha vizuri, mwili wangu ndio hujui kuacha." Akanyamaza muda mrefu. Asubuhi nikamkuta amenipakulia chai kwenye kikombe cha mjukuu wake na yai moja la kuchemsha. Hakusema chochote, na mimi sikusema. Tangu siku hiyo akinipigia simu haniulizi "umekula?" Ananiuliza "umemeza vidonge?"

Nyumbani nako siyo filamu. Mume wangu aliyeuza kiwanja ili nipone, ndiye sasa anauliza nimevaa hivyo naenda wapi. Tumelizungumza, bado tunalizungumza. Na mimi nilikuwa na dawa yangu ya hasira: chips mayai ya saa tano usiku. Dawa hiyo haipo tena. Tumbo wamelikata, kichwa hawajakigusa. Miezi ya mwanzo nilikuwa nawafokea watoto kwa vitu vidogo mpaka nikarudi kwa yule mwanasaikolojia. Kama unajiandaa, pesa yake itenge mapema, usione ni anasa.

Faida? Sukari daktari ameniachisha dawa, ila anaendelea kunipima. Presha imebaki kidonge kimoja. Silali tena huku mtu akinilinda pumzi. Ngazi napanda naongea.

Siwaambii mkafanye. Kuna waliopata matatizo ya kuvuja au damu kuganda, kuna walioongezeka tena baada ya miaka. Wanawake mnaotaka mtoto, mnaambiwa msubiri mwaka mmoja na zaidi. Muulize daktari amefanya wangapi, nini kikiharibika anafanya nini, na nani atakufuatilia mwaka wa pili. Akikasirika kwa maswali hayo, chukua pochi yako uondoke.

Na wewe bingwa wa komenti, dada wa watu akiposti gauni lake, hujui ameuza nini, anameza nini, na mama yake amemuuliza nini. Sema "umependeza" au pita. Haya, wenye maswali ya kweli niandikieni hapo chini, nitajibu nikitoka kazini.